Sindano ya mgongo au nusu kaputi? Maswali na majibu kuhusu ganzi katika upasuaji wa mishipa mikubwa ya damu

Kazi yangu ni kutoa usingizi na ganzi hapa Dodoma. Kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji huwa tunakaa naye tukaongea, na wagonjwa wa mishipa ya damu ndio ninaokaa nao muda mrefu kuliko wote. Mmoja vidole vya mguu vimeanza kuwa vyeusi. Mwingine mshipa wake mkuu wa tumboni umetanuka. Mwingine figo zimechoka, anahitaji kutengenezewa njia ya kusafishia damu mkononi. Wanatoka Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Manyoni, na wengi wanafika na swali ambalo limeshajadiliwa na ukoo mzima huko nyumbani. Haya ndiyo ninayoulizwa mara nyingi.

Ganzi na nusu kaputi si kitu kimoja?

Hapana. Nusu kaputi inalaza mwili mzima. Hujui kinachoendelea, na mara nyingi mpira unawekwa kwenye njia ya hewa ili mashine ikusaidie kupumua. Ganzi inazima sehemu ya mwili tu, wewe uko macho au umesinzia kidogo.

Ganzi yenyewe ina namna zake. Ya mgongo ni sindano moja tu, sehemu ya chini ya kiuno. Dawa inaingia kwenye maji yanayozunguka mishipa ya fahamu, na baada ya dakika chache miguu inakuwa mizito kama magunia ya mtama. Inadumu saa mbili hadi tatu hivi. Epidura ni ndugu yake: badala ya kuingiza dawa mara moja na kuchomoa, tunaacha mrija mwembamba sana nje ya utando unaofunika uti wa mgongo, halafu tunaongeza dawa kadiri inavyohitajika, hata kwa siku kadhaa. Ya tatu ni ganzi ya fungu la mishipa ya fahamu: tunaangalia kwa ultrasaundi mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi au mguuni, tunaweka dawa kandokando yake, na kiungo hicho peke yake kinalala. Na ipo ile ndogo kabisa, ya kuchoma palepale panapokatwa.

Hapa niseme jambo la lugha, maana linatuchanganya kliniki. Neno "mshipa" linabeba mambo mengi. Mshipa wa damu ni bomba la damu, mshipa wa fahamu ni waya wa taarifa, na mzee akikwambia "nina mshipa" huenda anazungumzia ngiri. Kwa hiyo mtu akiniambia "nimewahi kupasuliwa mshipa", siandiki kitu mpaka anionyeshe kovu.

Baba ana miaka sabini, ana kisukari na presha, amevuta sigara tangu ujana. Mshipa wa pajani umeziba na wanataka kumwekea njia mpya ya damu hadi gotini. Ganzi ipi inamfaa?

Nitajibu kwa urefu, kwa sababu baba yako ndiye hasa mgonjwa wetu wa kawaida.

Upasuaji wa kuunganisha mshipa mwingine ili damu ipite pembeni ya palipoziba unaweza kuchukua saa tatu, nne, hata zaidi. Sindano moja ya mgongo inaweza kuisha nguvu daktari akiwa bado anashona. Kwa hiyo tukichagua ganzi, mara nyingi tunafikiria epidura, au sindano ya mgongo pamoja na mrija wa epidura, ili dawa iongezwe njiani.

Kwa nini tuifikirie kabisa? Kwanza, mapafu ya mtu aliyevuta sigara miaka mingi. Tukimwekea mashine ya kupumulia, kuna hatari baadaye ya makohozi kuganda kifuani na kupata nimonia. Akipumua mwenyewe tangu mwanzo mpaka mwisho, tunalikwepa hilo. Pili, maumivu: anatoka chumba cha upasuaji mguu ukiwa bado umelala, anakunywa chai kabla hajaanza kuyasikia. Tatu, ganzi hii hailegezi misuli peke yake, inalegeza na kuta za mishipa ya damu. Mishipa ya miguuni inatanuka na damu inapita kwa wepesi zaidi kwenye njia mpya.

Jambo hilo la tatu lina upande wa pili. Mishipa ikitanuka, presha inashuka. Mtu mwenye moyo imara anavumilia, tunamwongezea maji na dawa ya kupandisha presha. Lakini mwenye mlango wa moyo uliobana sana anaweza kuzidiwa papo hapo. Ndiyo maana tunasikiliza moyo kwanza, na tukisikia mlio usio wa kawaida tunaomba kipimo cha ultrasaundi ya moyo kabla ya kuamua.

Halafu kuna swali ambalo familia nyingi hulishangaa: "Mzee, usiku unalalia mito mingapi?" Nina sababu. Upasuaji huu unataka mtu alale chali saa nyingi. Mzee anayelala ameketi kwa sababu akilala chali anakosa hewa, hata ganzi nzuri kiasi gani haitamsaidia. Baada ya nusu saa atahangaika, atataka kuinuka, na daktari ameshika mshipa mkononi. Mgonjwa kama huyo huenda nusu kaputi ikamfaa zaidi, pamoja na yote niliyosema kuhusu mapafu.

Je, ganzi inaokoa maisha kuliko nusu kaputi kwa upasuaji wa aina hii? Kwa ujumla wa wagonjwa, haijathibitika hivyo kwa uhakika. Faida zipo kwenye mapafu, maumivu na kuamka vizuri. Nawaambia wagonjwa hivyohivyo. Daktari anayewaambia kwamba aina moja ni salama kwa kila mtu, muulizeni maswali zaidi.

Mbona mnauliza sana kuhusu dawa anazotumia? Tumekuja kupasuliwa mguu.

Kwa sababu kidonge alichomeza jana usiku kinaweza kuamua kama nitaugusa mgongo wake leo au sitaugusa.

Wagonjwa wa mishipa ya damu karibu wote wako kwenye dawa za kuzuia damu kuganda, zile ambazo wengi huziita dawa za kulainisha damu. Pia katikati ya upasuaji wenyewe, kabla daktari hajabana mshipa, tunawapa heparini kwa sababu hiyohiyo. Ndani ya mgongo, kandokando ya pale sindano inapopita, kuna vishipa vidogo vya damu. Vikichubuka kwa mtu wa kawaida, damu inaganda na habari imeisha. Kwa mtu ambaye damu yake haigandi, inaendelea kuvuja polepole mahali pasipo na nafasi ya kutanuka. Bonge la damu linakua, linabana mishipa ya fahamu, na miguu inaweza kupooza. Ni jambo la nadra sana. Lakini nadra hiyo tunailinda kwa kuhesabu saa.

Hesabu zenyewe kwa kawaida ziko hivi. Aspirini peke yake haituzuii kuchoma mgongo. Klopidogreli inahitaji kusimamishwa siku 5 hadi 7 kabla. Warfarini siku 5, na siku ya upasuaji kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inakawia kiasi gani kuganda, kiwe kimerudi katika hali ya kawaida. Rivaroksabani na apiksabani, saa 72. Sindano ya enoksaparini ya dozi ndogo ya kinga, saa 12. Ile dozi kubwa ya matibabu, saa 24. Heparini ya kwenye dripu, saa 4 hadi 6 na kipimo cha damu. Na tukishachoma mgongo, tunasubiri angalau saa moja kabla ya kutoa heparini ya upasuaji. Mwenye figo dhaifu tunamwongezea muda, maana dawa hukawia kutoka mwilini.

Tafadhali, hizo ni hesabu za kukuelewesha, usizitumie kujisimamishia dawa. Mtu aliyewekewa kibomba cha chuma kwenye mshipa wa moyo miezi michache iliyopita, kile wanachokiita stenti, akiacha klopidogreli kwa uamuzi wake mwenyewe anaweza kupata shambulio la moyo kabla hajafika kwetu. Daktari wa moyo, daktari wa upasuaji na mtu wa usingizi wanakaa pamoja wanaamua. Ikionekana dawa haiwezi kusimama, basi tunaachana na mgongo, tunatafuta njia nyingine.

Nakumbuka binti mmoja aliyemleta mama yake kutoka upande wa Kondoa. Nilipouliza dawa, akafungua fundo kwenye pindo la khanga, akamimina mezani vidonge tisa: vyeupe, viwili vya waridi, na nusu ya kimoja cha njano. Hakuna pakiti hata moja. "Hivi vya waridi anakunywa lini?" "Usiku." "Na jana?" Akamtazama mama yake, mama akatazama ukuta. Tuliahirisha sindano ya mgongo. Hakuna aliyekosea pale kwa makusudi, ila sikuwa na namna ya kujua.

Kwa hiyo njooni na pakiti zenyewe, hata kama zimebaki tupu. Na kwenye daftari andikeni saa ya dozi ya mwisho kwa ukamilifu: "saa 2 usiku", siyo "saa 2" tupu. Hospitali nyingi huandika saa kwa mtindo wa 20:00, nyumbani tunahesabu kwa jua. "Saa 2" isiyo na usiku wala asubuhi inatupotezea saa kumi na mbili nzima, na saa kumi na mbili ndiyo tofauti kati ya kuchoma na kutochoma.

Vipi dawa za kienyeji?

Zitajeni zote. Vitunguu saumu vingi vya kila siku na baadhi ya mizizi vinaweza kuongeza tabia ya damu kutoganda. Kwa kawaida peke yake havitufanyi tuache ganzi, lakini vikichanganyika na dawa za hospitali tunataka kujua. Hakuna atakayekugombeza. Na kama ananusa ugoro, semeni pia.

Ni kweli sindano ya mgongo inapoozesha, na mgongo unauma maisha yote?

Woga huu ndio unaowafanya watu wakatae, nami siudharau. Kupooza kwa kudumu kunaweza kutokea, kwa nadra sana, na njia mojawapo ndiyo ile ya bonge la damu niliyoieleza. Sindano yenyewe tunaichoma chini ya pale uti wa mgongo unapoishia: tunapapasa vilele vya mifupa ya nyonga, tunashuka na mstari wake hadi katikati ya mgongo, na hapo ndani kuna nyuzi za mishipa ya fahamu zinazoelea kwenye maji, siyo uti wenyewe.

Kinachotokea mara nyingi zaidi ni kichwa kuuma ukiinuka na kupoa ukilala, siku moja mbili baadaye. Kina matibabu, toa taarifa. Maumivu madogo pale palipochomwa huisha kwa siku chache. Maumivu ya mgongo ya miaka mingi kwa watu wetu wanaoinama shambani tangu utoto mara nyingi yana chanzo kingine kabisa.

Mama ameambiwa mshipa mkuu wa tumbo umetanuka na atapelekwa Dar es Salaam. Huko watampa ganzi au usingizi?

Mshipa huo, aota, ndio bomba kuu linalotoka kwenye moyo. Ukitanuka unakuwa kama mpira wa baiskeli uliovimba upande mmoja. Kwa wanaume, ukifika sentimita 5.5 ndipo kwa kawaida upasuaji unapangwa. Kwa wanawake mara nyingi huzungumzwa kuanzia sentimita 5.

Akipasuliwa tumbo wazi, ganzi peke yake haitoshi. Atapewa nusu kaputi, na kama damu yake inaruhusu, atawekewa mrija wa epidura juu zaidi, usawa wa kifua, kabla hajalala. Faida ya mrija huo utaiona siku ya pili na ya tatu. Mtu mwenye mshono toka chini ya kifua hadi chini ya kitovu anaogopa kukohoa, na asiyekohoa anajaza makohozi. Epidura ikifanya kazi, unamwambia "mama, kohoa" naye anakohoa, anavuta pumzi ndefu, anakaa kitandani.

Ipo njia ya pili: kupitisha kitambaa maalumu chenye nyaya ndani ya mshipa kupitia kinena, bila kufungua tumbo. Hiyo inaweza kufanyika hata kwa ganzi ndogo ya kinenani tu kwa wagonjwa wanaofaa. Muulizeni daktari ni ipi imepangwa, maana hapo ndipo mazungumzo ya usingizi yanapoanzia. Na mkisafiri na treni ya SGR, dawa zake ziwe kwenye mkoba wa mkononi, msizifungie kwenye begi kubwa.

Mshipa ukishapasuka, hakuna nafasi ya epidura. Damu inamwagika na presha imeanguka. Maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo pamoja na kuishiwa nguvu kwa mtu anayejulikana ana mshipa uliotanuka ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

Mimi ninasafishwa damu. Wanataka kuunganisha mishipa ya mkono. Nitalazwa usingizi?

Kwa kawaida hapana, na hapa ndipo ganzi inapong'ara kuliko penginepo. Hapa kwetu huduma za figo zimekua. Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ilianza kupandikiza figo mwaka 2018. Kwa hiyo swali hili nalisikia sana.

Daktari anaunganisha ateri, mshipa unaoleta damu kutoka kwenye moyo, na vena, mshipa unaoirudisha, hapo mkononi ili vena ikomae, iwe nene, ipokee sindano za mashine. Tunaweza kuchoma ganzi palepale panapokatwa, au kulaza mkono mzima kwa kuchoma karibu na mtulinga au kwapani tukitumia ultrasaundi. Mkono mzima ukilala, mishipa yake inatanuka. Uchunguzi uliofanyika Glasgow na kuchapishwa mwaka 2016 uliwagawa wagonjwa 126 makundi mawili. Baada ya miezi mitatu, njia ya damu ilikuwa bado wazi kwa asilimia 84 ya waliolazwa mkono mzima, na asilimia 62 ya waliochomwa palepale tu. Uchunguzi mmoja, wagonjwa wachache, lakini kwa mtu ambaye mkono huo ndio uhai wake, mimi ningeiomba.

Angalizo: ganzi ya karibu na shingo, kama ile ya mtulinga, inaweza kulegeza kwa muda nusu ya kiwambo cha kupumulia. Mwenye pumu kali au mapafu mabovu tunamchomea kwapani. Na wakati dawa inaingia, ukisikia ganzi mdomoni, ladha ya chuma au masikio kuvuma, sema hapohapo usingoje kuulizwa. Ni dalili kwamba dawa inaingia kwenye damu.

Na upasuaji wa mshipa wa shingo, kuzuia kiharusi?

Unaweza kufanyika mgonjwa akiwa macho. Daktari anapobana mshipa, tunaongea naye na kumwomba aminye kitu mkononi; akishindwa, tunajua ubongo unakosa damu. Wengi walidhani hilo lingepunguza viharusi. Uchunguzi mkubwa wa wagonjwa 3,526 katika nchi 24, uliotolewa mwaka 2008, ulikuta kiharusi, shambulio la moyo au kifo kwa asilimia 4.8 ya waliolazwa usingizi na asilimia 4.5 ya waliokuwa macho. Tofauti hiyo haina uzito. Anayeogopa kukaa macho asilazimishwe.

Nikiwa na ganzi nitasikia wakinikata?

Maumivu hapana, tunajaribu kwa kitu cha baridi au kwa kuchoma kidogo kabla daktari hajaanza. Kuvutwa na kusukumwa utasikia, na sauti za vyuma pia. Ukitaka kusinzia, omba, tunakupa dawa nyepesi. Na ganzi ikikataa, nusu kaputi iko tayari pembeni. Ndiyo maana hata wa ganzi anafunga: chakula mwisho saa 6 kabla ya upasuaji, maji meupe matupu hadi saa 2 kabla. Uji ni chakula. Togwa ni chakula. Chai ya maziwa nayo ni chakula.

Mimi ndiye nitakayemwangalia baba wodini usiku wa kwanza. Nifanye nini?

Muulize muuguzi mambo mawili: kama baba ana mrija mgongoni, na ganzi inategemewa kuisha saa ngapi. Mrija huo hautolewi ovyo. Nao unasubiri saa za heparini kama ulivyosubiri wakati wa kuingia, kwa hiyo mtu asiuvute wakati wa kumgeuza au kumbadilishia shuka.

Kisha kila saa mwambie, "Baba, kunja goti. Chezesha vidole." Mguu mzito unaozidi kuwa mwepesi ni sawa. Ninachokiogopa ni kinyume chake: mguu uliokwisha kuamka saa 2 usiku, ukalala tena saa 4, au mgongo umeanza kuuma sana, au hasikii haja. Hapo usingoje daktari wa asubuhi apite. Amsha muuguzi, sema "miguu ilikuwa inacheza, sasa haichezi", na sisitiza mtu wa usingizi aitwe. Bonge la damu likiondolewa ndani ya saa 8 tangu miguu ianze kulegea, nafasi ya kutembea tena ni nzuri zaidi, na saa hizo zinaanza kuhesabiwa pale wewe ulipoona mguu haukunjiki.